Rasimu Yako Nani Ameisikia?

Hotuba niliyoitoa mbele ya watafiti wa elimu ya lugha, Mlimani, Dar es Salaam

Itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Nanyi wanangu wa umahiri na uzamivu, hamjambo? Najua wengine mmetoka Mbagala na Kigamboni, mmepanda na kushuka mara tatu ndipo mkafika hapa Mlimani. Waliokuja na mwendokasi kutoka Kimara nawaona bado mnajipepea kwa ratiba. Pumueni kwanza. Feni ya upande wa kulia inafanya kazi, sogeeni huko.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya jumuiya ya watafiti kwetu sisi wa elimu ya lugha, hasa tunaofanya utafiti wa masimulizi, ule unaochunguza maisha ya watu kupitia visa wanavyovisimulia. Nitaanza na sentensi moja niliyoambiwa na mwalimu. Nilikaribia kuipoteza, na walioiokoa ni watu niliokuwa nimekaa nao mezani.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamivu. Nilikwenda kwenye shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji hili kuzungumza na mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza, mama wa makamo, amefundisha miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu humu. Tulikaa chini ya mwarobaini nyuma ya jengo la utawala, saa ya mapumziko, simu yangu ikirekodi juu ya daftari lake la maandalio ya masomo. Nikamuuliza darasani anatumia lugha gani. Akatazama upande wa madarasa, akasema: "Kiingereza nawafundisha kwa Kiingereza. Lakini kuwapenda, nawapenda kwa Kiswahili."

Mtafiti gani asingefurahi? Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye sura ya nne, kwa Kiingereza kama taratibu za kitivo zinavyotaka, kwamba mwalimu huyu hutumia lugha wanayoifahamu wanafunzi kwa malengo ya kihisia. Nikapachika na marejeo mawili. Aya ikasomeka vizuri sana, na yule mama hakuwamo tena.

Wakati huo tulikuwa watu sita tunaokutana Alhamisi jioni kusomeana kurasa zetu. Zamu yangu ilipofika nikasoma aya ile kwa sauti, na nikasoma na maneno ya mwalimu kwa Kiswahili kama alivyoyasema. Dada mmoja aliyekuwa anaandika juu ya kufundisha kusoma darasa la pili akaniuliza: "Hapo ndipo alipomalizia?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Haya. Ila mimi naisikia kama sentensi inayosubiri mwenzake."

Usiku ule nikarudi kwenye simu. Baada ya maneno yale kuna kimya. Kisha kengele inagongwa, ile ya rimu ya gari, watoto wanapita mbio, mmoja anasema "Shikamoo madam," na mama anaitikia "Marahaba, mwanangu." Halafu, chini chini, kengele ikiwa bado inalia: "Na hilo ndilo lililonipa barua ya kujieleza."

Kwenye unukuzi wangu mahali hapo nilikuwa nimeandika ndani ya mabano: kelele za kengele.

Mama yule alikuwa ameandikiwa barua na uongozi wake ajieleze kwa nini amesikika akizungumza Kiswahili darasani. Sikio langu liliipokea habari hiyo kama kelele. Nilipowaletea wenzangu Alhamisi iliyofuata, hawakunilaumu. Kaka mmoja aliniuliza tu, kwa upole, mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu tulikuwa tunafanyaje shuleni kwetu juu ya Kiswahili.

Basi ikabidi nisimulie kibao.

Nilifundisha sekondari miaka minne, mkoani, kabla sijarudi kusoma. Shule yetu ilikuwa na kibao. Kipande cha mbao ukubwa wa kiganja, kimetobolewa juu na kutiwa kamba ya katani. Asubuhi nilikitoa kwenye droo yangu nikamkabidhi kiranja. Mwanafunzi wa kwanza kusikika akisema Kiswahili anavishwa, naye anatega masikio mpaka amnase mwenzake amvishe. Jioni aliyebaki nacho anadeki darasa. Kamba ile ilikuwa inaacha alama ya kahawia kwenye kola za mashati meupe. Hadi leo nikiona kola ya mwanafunzi imechafuka namna hiyo kwenye daladala, huwa nageuza uso. Kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha kwanza alikivaa siku nyingi mfululizo, mwisho akaacha kabisa kuzungumza, lugha yoyote. Nami kwenye ripoti yake ya muhula niliandika: ametulia, nidhamu nzuri.

Sasa mnaelewa kwa nini sikusikia habari ya barua. Mimi ningeweza kuwa mwandishi wa barua ile. Hakuna kitabu cha mbinu za utafiti ambacho kingenionyesha jambo hilo nikiwa peke yangu chumbani na kompyuta yangu. Nililiona kwa sababu watu watano walikuwa wananisikiliza nikisoma, wakasikia pale sauti yangu inapoharakisha.

Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Katika utafiti wa masimulizi, wale wanaokusikiliza ni sehemu ya mbinu yako. Kwenye sura ya tatu, unapoeleza kinasa sauti, mahojiano na shajara, nao wana haki ya aya yao, kwa sababu bila wao data zako zingekuwa nyingine.

Walioipa njia hii jina linalotumika leo katika elimu ni watafiti wawili wa Kanada, Michael Connelly na Jean Clandinin, katika makala yao ya mwaka 1990. Kwao masimulizi ni mambo mawili kwa mpigo: ni kitu unachokichunguza na ni njia unayokichunguzia. Mwanadamu huishi maisha yake kama kisa, hukisimulia, hukisimulia upya, na akishakisimulia upya huenda akaishi tofauti. Waliegemea sana kwa mwanafalsafa John Dewey, aliyeandika mwaka 1938 kwamba kila tajiriba hubeba kitu kutoka kwenye zile zilizoitangulia na hugeuza kwa namna fulani zile zitakazofuata. Kutoka hapo wakatuachia maswali matatu ya kumfuatia msimuliaji: wakati, mahusiano, na mahali. Chukueni mwarobaini wangu. Mahali: nyuma ya jengo la utawala, penye barua. Mahusiano: mimi niliyetoka chuo kikuu na kalamu, yeye aliyekwisha kujieleza mara moja na hataki kujieleza tena. Wakati: kengele, na miaka iliyobaki kabla ya kustaafu kwake, jambo nitakalolirudia.

Ila wanafunzi wengi wananukuu makala na kuiacha meza. Clandinin alipokuwa Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton, aliongoza kituo cha utafiti wa elimu ya walimu kilichoanzishwa mwaka 1991, na moyo wa kituo kile ulikuwa meza. Kila wiki maprofesa, wanafunzi wa uzamivu, walimu wa shule na wageni waliizunguka, chai mkononi, kila mtu akaeleza yuko wapi na kazi yake na nini kinamkwamisha. Wao wenyewe waliandika kwamba mtafiti wa masimulizi anahitaji jumuiya ya kumwitikia. Mimi neno hilo "kumwitikia" nalipenda. Hadithi, hadithi! Hadithi njoo. Bibi zetu hawakuanza hadithi mpaka mtu aitikie, na mkisinzia wote anaacha pale pale, anavuta shuka.

Kwa hiyo hatuendi Edmonton kuazima baraza. Baraza tunalo, tena la saruji, mbele ya nyumba za Kariakoo na Magomeni. Tofauti ni kwamba barazani hakuna anayekurekodi akaenda kukuandika kwa lugha usiyoisoma, na hiyo ndiyo tofauti inayotupa wajibu.

Niwakumbushe meza zilizotangulia yetu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusanifisha Kiswahili, na ilianza kazi bila mjumbe Mwafrika. Waliojadili neno lipi ni sanifu hawakulilia neno hilo wakiwa watoto. Kazi ya kamati ile baadaye ikahamia hapa, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, mwaka 1964, na mwaka 2009 TUKI ikaungana na Idara ya Kiswahili tukapata TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako leo mtu anaandika na kutetea tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili kuanzia jalada hadi kiambatisho. Umbali uliotembewa ni mkubwa, na umetembewa na watu waliokuwa wanakaa pamoja na kubishana.

Na kabla ya kamati alikuwapo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Huyu ni mwalimu wa lugha mwenzetu. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili wakati Wajerumani walipokuwa wanawaandaa maofisa wao kuja huku. Mwaka 1903 kikachapishwa kitabu cha desturi za Waswahili, kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni maandishi yake. Jina lililokaa juu ya kitabu ni la Mjerumani aliyekihariri, Carl Velten. Mtoro alioa Mjerumani, na walipojaribu kurudi pamoja huku kwao serikali ya kikoloni ikawakatalia, akarudi Ujerumani, akafia huko. Kila ninapomaliza unukuzi wa mahojiano, nikaandika jina langu juu ya ukurasa na kumwita msimuliaji "Mshiriki wa 3", huwa namkumbuka. Tunalazimika kuficha majina, naelewa, na nitalifikia. Lakini tukumbuke tunafanya hivyo katika nchi ambayo watu wake wamekwisha kuandikwa mara nyingi bila kutajwa.

Sasa, kuna mtu atauliza: suala la lugha ya kufundishia Tanzania halijatafitiwa vya kutosha? Limetafitiwa. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuangalia elimu ya nchi, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kipande hadi sekondari. Watafiti wawili, Criper na Dodd, wakaja mwaka 1984, wakapima wanafunzi, wakakuta Kiingereza kiko chini mno kuweza kubeba masomo, na bado ushauri wao ukawa kukiimarisha Kiingereza. Tangu 2002 mradi wa LOITASA, wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, uliowakutanisha watafiti wa hapa Mlimani na wenzao wa Afrika Kusini na Norwe, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yale ya Kiingereza, na Profesa Martha Qorro ameandika na kusema hadharani kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi hajifunzi kitu kwa lugha asiyoielewa. Takwimu tunazo. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, na baada ya wiki chache za kozi ya kumwandaa lugha yote inageuka.

Tulichonacho kidogo ni habari za ndani: siku yenyewe ya kugeuka ikoje kwa yule anayekaa dawati la tatu, na ikoje kwa anayeshika chaki. Hapo ndipo masimulizi yana kazi, na hapo ndipo meza inahitajika zaidi. Niwape mfano mmoja.

Kijana wetu mmoja wa umahiri alizungumza na wanafunzi wa kidato cha kwanza huko Temeke. Mmoja alimwambia: "Mwalimu akiuliza tumeelewa, najikaza nasema yes madam." Kijana akatafsiri kwamba mwanafunzi hujitahidi kushiriki katika somo. Mwanafunzi mwenye bidii, basi, na ikaingia kwenye jedwali chini ya kichwa cha motisha.

Aliposoma mezani, mama mmoja, mwalimu wa chekechea, akasema: "Ngoja. Kujikaza?" Tukaanza. Nani huambiwa ajikaze? Mmoja akasema msibani: mfiwa anashikwa bega, anaambiwa jikaze. Mwingine akasema wodi ya wazazi, wakunga wanasema jikaze mama. Mzee mmoja akataja jandoni, akaishia hapo hapo kama ilivyo adabu. Mtu wa Unguja akasema kwao mtoto akichomwa sindano. Tulikaa na kitenzi hicho saa nzima na dakika, chai ikapoa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kukumbuka mtu akiambiwa ajikaze mahali pa raha. Neno hilo linakwenda penye maumivu ambayo huruhusiwi kuyaonyesha. Mtoto yule alikuwa anatuambia kwamba "yes madam" anaitoa kama mfiwa anavyozuia machozi mbele ya wageni.

Kijana alitoa mstari ule kwenye jedwali la motisha, akauandikia sura. Halafu akarudi Temeke kumuuliza mwenyewe, maana meza pia inaweza kuona lisilokuwapo, na mwenye neno ni yule aliyelisema. Mtoto akamwambia, "Ee. Si nisipojikaza watajua." Nani watajua? "Wote."

Ndiyo maana nawasihi: maneno ya wasimuliaji yabakizeni kwa Kiswahili katikati ya ukurasa, hata tasnifu ikiwa ya Kiingereza, na tafsiri iende chini yake. Msimamizi akikataa, mwonyesheni kwa adabu sentensi moja tu namna hii. Wengi hukubali.

Taratibu za mduara wetu wengi mnazijua, sitazirefusha. Kurasa nne, zisizidi. Mwandishi anasoma kwa sauti na wengine hawana nakala mkononi, kwa sababu ukimpa mtafiti karatasi atatafuta kalamu aanze kusahihisha koma. Akimaliza, wa kwanza kusema anaanza na "nimesikia", anarudisha alichokisikia kabla ya kutoa maoni. Mwandishi hajitetei katika duru ya kwanza. Hili la mwisho ni gumu kwa maprofesa kuliko kwa wanafunzi, na nimeona maprofesa wakilijifunza, Mungu awabariki.

Yapo yanayotuumiza, nayo niyaseme. Watu wakishatetea tasnifu hawarudi. Nawaelewa, ajira zimewapeleka Dodoma, Mwanza, Songea. Lakini aliyemaliza ndiye anayejua njia ina mashimo wapi, naye akiondoka walioanza wanaanzia sifuri. Kina mama wenye watoto wachanga hawawezi Alhamisi saa kumi na moja jioni, foleni ya Ubungo ikiwa vile ilivyo, ndiyo maana tumehamia Jumamosi, na mtoto anayelia humu ndani leo asitolewe nje. Walimu wa shule, ambao maisha yao ndiyo data zetu, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja kwenye viti hivi. Nauli ya kutoka Chanika kuja na kurudi si ndogo. Tunachanga chai, tuchange na nauli.

Na tuna ugonjwa mwingine, kusifiana. Mduara unaopendana huanza kuogopa kuumizana. Mtu anasoma kisa cha mwalimu aliyeteseka, wote tunafuta macho, tunasema kimetugusa, na hakuna anayeuliza mbona mwalimu huyu kwenye kurasa nne hajakosea hata mara moja, mbona wanafunzi wake hawana majina, mbona mtafiti hayumo. Kilichotugusa sisi kinaweza kuwa uongo. Dada aliyeniuliza "hapo ndipo alipomalizia?" alikuwa ananipenda, na aliniuliza.

Wahakiki wa majarida hutuuliza swali lao: watu watatu unawezaje kuwasemea walimu wote wa Tanzania? Jibu ni kwamba siwasemei, na nisijaribu. Mwanasaikolojia Jerome Bruner aliandika mwaka 1986 kwamba kuna namna mbili za kufikiri ambazo haziwezi kugeuzwa moja kuwa nyingine: hoja hutushawishi kwamba jambo ni kweli, na kisa hutushawishi kwamba ndivyo maisha yalivyo. Anayetaka kujua ni shule ngapi zina kibao, afanye uchunguzi wa kuhesabu, na nitamsaidia kuandika dodoso. Mimi nataka kujua kamba ile inafanya nini shingoni, na kwa yule aliyekuwa anaitoa kwenye droo.

Nirudi kwa mama wa mwarobaini.

Nilipomaliza sura yake nilimpelekea aisome, kwa Kiswahili. Fomu ya ridhaa pia ilikuwa ya Kiswahili, na nasisitiza hili, maana nimeona walimu wakisaini kurasa tatu za Kiingereza cha kisheria huku wakijikaza. Tulikuwa na barua ya chuo, barua ya mkoa, barua ya halmashauri, zote zina mihuri. Hakuna barua hata moja kati ya hizo iliyotoka kwake.

Alinikaribisha kwake, akavaa miwani, akaniomba kalamu nyekundu. Mwalimu wa lugha ni mwalimu wa lugha. Alinisahihishia "maana yake" mbili zilizokaa pasipo pake. Alipofika pale nilipoandika "alilalamika", akakata mstari, akaandika juu yake "alisema". "Sikulalamika mwanangu," akaniambia. "Nilikuambia tu." Akaendelea kusoma. Alipofika kwenye barua ya kujieleza akaweka kalamu chini.

"Hii toa."

Nikamweleza kwamba jina lake halimo, shule haimo, wilaya haimo. Akanitazama kama ninavyodhani anavyowatazama kidato cha kwanza wake. "Shuleni kwetu aliyewahi kupewa barua hiyo ni mimi. Ukiandika barua, umeandika jina. Nimebakiza miaka sita."

Jina la bandia halikumficha. Nilikuwa nimejifunza hilo darasani na kulijibu vizuri kwenye mtihani, ila nililielewa sebuleni kwake.

Nikairudisha habari mezani Alhamisi. Tulibishana sana, na si wote tuliokubaliana. Mmoja alisema barua ndiyo roho ya sura, ukiitoa unashirikiana na walioiandika. Mwingine akasema sura ni yako, barua ni yake. Yule dada wa darasa la pili alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Unahitaji barua, au unahitaji msomaji ajue kwamba Kiswahili kinaadhibiwa?" Nikasema la pili. "Hilo si unalo lako?"

Barua nikaitoa, na mahali pake nikaweka kibao changu. Kurasa tano: kamba, kola, kiranja, yule kijana, na maneno niliyoyaandika kwenye ripoti yake. Siku ya utetezi mtahini mmoja aliuliza kisa cha mtafiti kinatafuta nini katikati ya sura ya mshiriki. Nikamweleza kwamba pale pana shimo, kwamba aliyeondoka ana haki ya kuondoka, na kwamba nisingeweza kumwomba mwalimu ajieleze mara ya pili wakati mimi sijajieleza hata mara moja. Walinipa marekebisho madogo. Sura ikabaki ilivyo.

Mama yule amestaafu mwaka juzi. Nilimpigia simu kabla ya kuja hapa, nikamuuliza kama naweza kuisema barua mbele yenu. Akasema niiseme, ila nisiitaje shule, maana wapo vijana wanaofundisha pale bado. Akaniuliza pia kama yule mtoto wa kibao niliwahi kumtafuta.

Bado sijampata. Nina majina mawili kati ya matatu na mwaka aliomaliza, na mwalimu mwenzangu wa zamani ananisaidia kuulizia. Nikimpata sitakwenda na simu ya kurekodi.

Nimetumia muda wa watu. Anayefuata ni binti yetu wa umahiri kutoka Chang'ombe, ana kurasa nne na ni mara yake ya kwanza kusoma mbele ya watu. Ninyi wa nyuma, kalamu chini, sogezeni viti vifanye duara. Njoo mama, kaa hapa karibu na feni. Anzia kwenye ile aya uliyoniambia jana unataka kuifuta.